Ukitaka Kumpokea Mtoto Asiye Wako

Simu ya namna hii hupigwa jioni, na aghalabu ni Ijumaa. Afisa ustawi wa jamii yuko kituo cha polisi na mtoto wa miaka tisa aliyekutwa amelala stendi ya Nyegezi, Mwanza. Ndugu zake hawajajulikana, makao ya watoto yamejaa, na kituo cha polisi si mahali pa kumlaza mtoto. "Mama, utatusaidia kumpokea hadi Jumatatu?" Anayepigiwa ana dakika chache za kujibu. Jumatatu yenyewe inaweza kuja ikapita, ukaingia mwezi wa tatu mtoto bado yupo.

Mwongozo huu ni wa anayefikiria kuwa mtu wa kupigiwa simu hiyo. Mfano ninaoutumia ni Tanzania Bara. Msomaji wa Kenya au Zanzibar atakuta majina ya ofisi na sheria yanatofautiana, lakini yanayotokea ndani ya nyumba ni yale yale.

Kulea mtoto wa mwingine si jambo geni kwetu. Hakuna ukoo usio na mtoto wa marehemu kaka, mjukuu aliyeachwa kwa bibi, au binamu aliyeletwa mjini kusoma. Ila mtoto wa ukoo akionewa ana shangazi wa kumlalamikia na babu wa kuitisha kikao. Huyu anayeletwa na afisa ustawi hana mtu. Tena desturi yetu hii ya kuchukua watoto ina upande ambao hatupendi kuusema: wengi walioletwa mjini "kusoma" wameishia kufua, kubeba vichanga vya wenye nyumba na kutembeza karanga barabarani. Kwa hiyo jiulize kabla ya yote: kama mtoto huyu hatanisaidia kazi hata moja, nitamtaka? Ukisita, ajiri msaidizi wa kazi mtu mzima, umlipe, yaishe.

Milango mitatu

Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na inataka masilahi yake yatangulizwe katika kila uamuzi unaomhusu. Katika utaratibu uliopo kuna milango mitatu ambayo watu huichanganya.

Wa kwanza ni wa familia ya kuaminika. Hii ni familia iliyokwisha kukaguliwa na kuandaliwa, inayopokea mtoto wa dharura kwa siku, wiki au miezi, wakati ndugu wanatafutwa au kesi inaendelea. Wa pili ni malezi ya kambo, ambayo huwa ya muda mrefu zaidi, kwa kibali na chini ya uangalizi wa afisa ustawi. Hayahusiani na mama wa kambo wala ndoa ya pili, ingawa jirani atadhani hivyo. Wa tatu ni kuasili, na huo ni wa mahakama: amri ikishatolewa mtoto ni wako kisheria.

Anayetafuta mtoto wa kudumu, pengine kwa sababu hajajaliwa kupata wake, aende mlango wa tatu na aseme hivyo bila kuona haya. Ajue tu kwamba njiani naye atakaa na mtoto kwa muda chini ya uangalizi kabla mahakama haijaamua. Akijipenyeza kwa mlango wa kwanza akitumaini kwamba mtoto atasahaulika kwake, ataumia yeye na atamuumiza mtoto, maana siku moja afisa atakuja na habari njema kwamba bibi amepatikana Sengerema.

Waislamu wana njia ya kafala, ambayo Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 unaitaja katika ibara ya 20, na ambayo Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 imeiingiza kwa jina lake. Mtoto anabaki na ubini wa baba yake na harithi kama mwana wa kuzaa, lakini unaweza kumwandikia wasia usiozidi theluthi ya mali. Penye maswali mengi ni umahramu, yaani undugu unaozuia kuoana: mvulana uliyempokea ana miaka minane, mabinti wako wana kumi na kumi na mbili, na miaka inakimbia. Zungumza na sheikh mapema, kabla mtoto hajaingia ndani, ili asije akafukuzwa chumbani siku anapobalehe bila kuelewa amekosa nini. Mama anayenyonyesha akipokea kichanga na kutaka kumnyonyesha ili awe mahramu, apime afya yake na ya mtoto kwanza. Hospitali itawasaidia wote wawili.

Ofisini na nyumbani

Anzia serikali ya mtaa au ya kijiji upate barua ya utambulisho, halafu nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako ukiwa na kitambulisho chako. Maombi ya malezi ya kambo hupanda kutoka hapo hadi kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii, aliye chini ya wizara inayoshughulikia maendeleo ya jamii, jinsia, wanawake na makundi maalum. Usitegemee jibu la wiki moja. Na akitokea mtu yeyote, awe wa ofisini au wa mtaani, akasema anaweza kukupatia mtoto haraka kwa kiasi fulani cha fedha, hiyo ni biashara ya watoto. Ondoka, ukatoe taarifa.

Afisa atakuja kwako, pengine zaidi ya mara moja. Watu wengi hupaka rangi ukuta na kuazima makochi. Anachokitafuta hakiko ukutani. Atauliza nani analala wapi. Atauliza juu ya yule mpwa aliyekuja "kwa muda" na sasa ana mwaka wa pili sebuleni, juu ya mpangaji wa chumba cha uani, juu ya pombe, juu ya ugomvi wenu na namna mnavyoumaliza. Atawauliza watoto wako wanaadhibiwaje, na watajibu ukweli hata kama umewafundisha jibu. Wewe pia sema ukweli. Kukaa nyumba ya kupanga ya vyumba viwili hakukuondolei sifa. Uongo utakaogundulika baadaye ndio utakaokuharibia, maana afisa hatajua tena lipi la kuamini siku mtoto atakapodai jambo.

Na wewe muulize. Nani atalipa hospitali mtoto akilazwa? Nauli ya kwenda mahakamani ni ya nani? Nikipata msiba wa kusafiri, namwacha kwa nani, au naruhusiwa kwenda naye? Namba gani inapokelewa usiku wa manane? Usitarajie mshahara. Shule za serikali hazina ada, lakini kuna sare, madaftari, viatu, chakula cha mchana na michango isiyoisha majina. Baadhi ya mashirika husaidia familia za kuaminika kwa godoro, chakula au nauli. Pata hilo kwa maandishi au usilihesabu kabisa katika bajeti.

Kabla ya hayo yote, kaa na wa nyumbani. Mume akisema "fanya unavyoona," hajakubali. Huyo ndiye atakayesema mwezi wa pili kwamba yule mtoto wako amevunja redio. Mtoto wako wa kuzaa ana haki ya kujua kwamba atagawana chumba, vitu vyake na wewe, na ana haki ya kuwa na kabati lisiloguswa na mgeni. Msaidizi wa kazi ashirikishwe pia, maana yeye ndiye atakayeshinda na mtoto mchana kutwa. Mwongezee mshahara kidogo kama uwezo upo, kazi imeongezeka.

Mahali pa kulala pawe pake: kitanda au godoro, shuka, chandarua. Asilale kitanda kimoja na mtu mzima, hata bibi mwenye huruma za aina gani. Usimchanganye na watoto wako wadogo chumba kimoja siku za mwanzo, kabla hujajua amepitia nini, kwa usalama wao na wake. Bafu liwe na komeo la ndani. Kama choo kiko nje, weka ndoo na taa ndani kwa ajili ya usiku.

Usiku wa kwanza

Atafika amechoka, ana njaa, na pengine ananuka. Hamu yako itakuwa kumwogesha, kuzichoma nguo zile na kumvalisha mpya, akae mezani aonekane kama wenzake. Punguza kasi. Nguo zile chakavu ndizo mali yake pekee, na harufu yake ni ya mahali alipopajua. Zifue kesho akiona, zikunjwe, ziwekwe kwenye mfuko wake. Kama kuna dalili au tetesi kwamba amefanyiwa ukatili wa kingono, usimwogeshe wala usifue kitu kabla hajaonwa hospitali. Nguo zitiwe kwenye mfuko wa karatasi. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi zinatakiwa kuanzwa ndani ya saa 72, mapema ndivyo bora, na humezwa kwa siku 28. Kwa msichana aliyekwisha kubalehe, kinga ya mimba ya dharura haizidi siku tano. Fomu ya polisi ya PF3 na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi vifuatiliwe, ila usikubali saa zipotee kwa kukimbizana na karatasi wakati dawa iko hospitali.

Mwonyeshe nyumba kabla giza halijaingia: choo, maji ya kunywa, swichi ya taa, wewe unalala mlango gani. Waliozoea kulala stendi hawaogopi kelele, wanaogopa kimya, kwa hiyo acha taa ndogo iwake na mlango uwe wazi nusu. Mpe chakula anachokijua. Ugali na dagaa vitapita vizuri kuliko pilau la kumkaribisha, na tumbo lililokaa na njaa likijazwa ghafla litamwaga.

Usimhoji. Polisi wamemhoji, afisa amemhoji, na wewe si wa tatu. Akisema jambo zito mwenyewe, sikiliza, usishtuke usoni, usimwahidi kwamba hutamwambia mtu, maana utalazimika kumwambia afisa. Mjibu tu, "Umefanya vizuri kuniambia." Kesho yake andika maneno yake kama alivyoyasema, bila kuyapamba.

Pengine hatakuamkia. Wenyeji wengi huanza hapo: "Kwenu hamfundishwi shikamoo?" Iache. Atajifunza kwa kusikia watoto wako wakiamkia, na siku atakapoitoa mwenyewe utajua ameanza kutua. Hata la kukuita mwachie yeye. Mama anaye, hata kama amekufa au ndiye aliyemtupa. "Mama mdogo," "shangazi" au "bibi" ni majina yasiyomnyang'anya mtu wake.

Asubuhi unatandua kitanda na kukuta nusu ya chapati na vipande viwili vya muhogo vimefungwa ndani ya soksi chini ya mto. Hapo utajaribiwa kusema kuhusu sisimizi, au kuuliza kwa uchungu kama kuna siku amenyimwa chakula nyumba hii. Hajaiba wala hajakutukana. Amefanya hesabu ya mtu ambaye kesho yake haina uhakika. Chukua bakuli lenye mfuniko, weka mkate au matunda, mwonyeshe: hili ni lako, saa yoyote, bila kuomba. Mpe pia mfuko wa kuhifadhia anachobakisha, wasiingie wadudu. Wengi huacha kuficha baada ya wiki kadhaa, wengine miezi. Bakuli likae pale hata akiacha, kwa sababu anaweza kurudia kila linapotokea la kumtikisa: ziara ya mama, barua ya mahakama, au wewe kuchelewa kurudi sokoni.

Kitanda chenyewe kitalowa, hata kwa mtoto wa miaka kumi na mbili. Tandika nailoni chini ya shuka, weka shuka la akiba pale anapoweza kulifikia bila kukuamsha, na godoro lisianikwe uani mtaa mzima ukiona. Ukisikia mtoto wako anamwimbia "kikojozi," hapo ndipo pa kukasirika.

Ndani ya siku chache mpeleke kituo cha afya: upele, funza, minyoo, meno, masikio, chanjo kama ni mdogo. Masikio husahaulika mno. Mtoto anayeitwa mkaidi mara nyingine hasikii tu.

Fimbo

Hili nalishikilia kuliko mengine yote: usimpige. Najua ninaowaambia. Tumelelewa kwa fimbo na tunasema ilitutengeneza. Lakini utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana watatu katika kila kumi, na mvulana mmoja katika kila saba, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18, na kwamba kipigo kilikuwa cha kawaida kwa wengi zaidi ya hapo. Anayeletwa kwako ana uwezekano mkubwa wa kuwa ndani ya hesabu hiyo. Kwake mkono ulioinuliwa hauhusiani na kosa la leo. Unamrudisha kule alikotolewa, naye atafanya alichofanya kule: ataganda, atakimbia, au atakurudishia.

Badala yake, nyumba iwe na saa zinazotabirika. Kula saa ile ile, kulala saa ile ile, Jumamosi kufua, Jumapili kanisani au mapumziko. Kanuni ziwe chache na ziwahusu wote. Akivunja kitu, asaidie kukitengeneza. Akiiba, kirudishwe mbele yako, kwa sauti ya chini, na usimgeuze kuwa mshukiwa wa kila kitakachopotea humo ndani kuanzia siku hiyo. Mpe uchaguzi mdogo mdogo: kuosha vyombo au kufagia? Uji au chai? Mtoto ambaye maisha yake yote yameamuliwa na watu wazima hupoa akipata cha kuamua. Kazi za nyumbani afanye, ila zile zile na kiasi kile kile wanachofanya watoto wako wa umri wake. Pima kwa hilo kila wiki.

Wengine hutoroka. Anayetoka mitaani anaweza kurudi stendi, kwa sababu marafiki wake wako kule na kule alikuwa na jina. Toa taarifa kwa afisa na polisi mara moja, nenda kamtafute ukiwa na mtu, na ukimpata, chakula kwanza. Maswali kesho.

Halafu kuna wale wasiosumbua kabisa, na hao ndio wanaonitia wasiwasi zaidi. Msichana aliyekimbia ukeketaji Tarime mwezi wa Desemba, au aliyetolewa kazi za ndani, anaweza kuosha nyumba nzima alfajiri kabla hujaamka, akajibu "ndiyo" kwa kila jambo, na wewe ukawasimulia wenzako kanisani jinsi ulivyopata mtoto mwema. Amejifunza kwamba asiyefanya kazi hufukuzwa. Siku atakayokununia au kukataa kuosha sufuria, shukuru kimoyomoyo.

Majirani, shule, daftari

Mtaa utauliza. Kubalianeni nyumbani jibu moja fupi: "Ni mtoto wetu, tunakaa naye kwa sasa." Historia yake ni yake. Asiwekwe kwenye hali ya WhatsApp, wala picha ya "leo Mungu ametujalia" mtandaoni. Kama ametolewa kwa mtu aliyemdhuru, picha hiyo inamwonyesha mtu huyo pa kumfuata. Mwalimu mkuu na mwalimu wa darasa wajue kinachohitajika tu: nani anaruhusiwa kumchukua shuleni, na nani haruhusiwi.

Jina lake usilibadilishe, na dini yake usiifute. Mkataba wa 1989 unataka mtoto aliyeondolewa kwao aendelezewe dini, utamaduni na lugha yake kadiri iwezekanavyo, na hapo walezi wengi wema huteleza, wakiona wanamwokoa mara mbili. Mtoto wa Kiislamu katika nyumba ya Kikristo apatiwe njia ya kwenda madrasa. Anayesema Kisukuma atafutiwe mtu wa kuzungumza naye, asije akakutana na bibi yake baada ya mwaka mmoja wasielewane.

Nunua daftari la kurasa nyingi. Andika tarehe, aliumwa nini, alipewa dawa gani, alianguka wapi na nani aliona, nani alimtembelea, alisema nini, alifurahi lini. Ziara ya afisa iandikwe pia. Daftari hili lina kazi mbili. Litakulinda siku jeraha litakapoulizwa, na watoto hawa huanguka kama wengine. Na litampa mtoto mwaka wa maisha yake ambao vinginevyo hakuna atakayeukumbuka. Meno yalitoka lini, alijifunza kuendesha baiskeli kwa nani.

Kwa vichanga na wa chini ya miaka miwili, usiruhusu mambo yachelewe. Huko Bucharest, Romania, kuanzia miaka ya 2000, watafiti waliwafuatilia watoto 136 waliokuwa wakilelewa katika taasisi. Nusu yao walipelekwa kwa familia za walezi. Waliopata familia walipata nafuu ya akili na ya kushikamana na watu, na waliowahi kutoka kabla ya kufika miaka miwili ndio waliofaidika zaidi. Makao ya watoto, hata yenye usafi na masista wapole, yana mikono mingi inayobadilishana zamu. Kichanga anataka mikono ile ile.

Mzazi akirudi

Ukipewa ratiba ya mtoto kuonana na mama yake, ifuate hata kama mama huyo hupendezwi naye. Anaweza kuchelewa saa mbili, anaweza kuja amelewa, anaweza asije kabisa na mtoto amevaa tangu alfajiri. Usimseme vibaya. Mtoto atakapolala usiku huo akirusha mateke, usikate shauri kwamba ziara zinamwharibu. Anamlilia mtu wake, na hilo ni jambo la afya. Mwandikie afisa ulichokiona na umwachie yeye apime. Mzazi aliyefungwa gerezani naye ana mtoto. Uliza utaratibu wa kumpeleka mtoto kumwona.

Mwenye nguvu ya kuzungumza na mama yule kama mwenzake, amwambie mtoto anapenda kulala upande gani na sasa anavaa nguo za saizi gani, amefupisha safari ya kurudi nyumbani kuliko barua yoyote.

Waliokwisha kukua

Kila mtu anataka kichanga. Vijana wa miaka 14, 15, 16 ndio wanaokosa nyumba, na kwa hao kazi yako ni ya muda mfupi wenye mambo mengi. Cheti cha kuzaliwa kifuatiliwe RITA mapema kupitia kwa afisa, kwa kuwa bila hicho kitambulisho cha NIDA akifika miaka 18 kitamsumbua, na bila kitambulisho hata laini ya simu hatasajili kwa jina lake. Msichana aliyejifungua anaweza kurudi shule ya serikali. Mlango huo ulifunguliwa Novemba 2021, usikubali mwalimu akwambie vinginevyo. Asiyeweza darasa tena apelekwe kuuliza VETA: useremala, umeme, ushonaji, ufundi magari. Afundishwe kupika, kupanga fedha ya wiki, kuandika barua, kukataa. Simu mpe kwa masharti yale yale ya watoto wako.

Na akitimiza miaka 18, sheria inamwacha siku hiyo hiyo. Wewe hulazimiki kumwacha.

Siku ya kuondoka

Ndugu wamepatikana. Omba safari ya kurudi ifanywe kwa hatua: afisa aende kwanza, ndugu waje kwako, mtoto akalale kwao siku mbili, arudi, ndipo ahame. Ukiambiwa ni kesho asubuhi, uliza kwa nini, kwa adabu, na uandike jibu. Mwambie mtoto mapema, kwa tarehe, kwenye kalenda ya ukutani. Asihamishwe na mfuko wa takataka. Mnunulie begi, hata la mtumba. Ndani ziwemo nguo alizokuja nazo, picha, kadi ya kliniki, ripoti ya shule na nakala ya yale ya daftari yanayomfaa. Kama kwao ni mbali, mpe namba yako kwenye karatasi na pia aikariri, pamoja na 116, namba ya bure ya kumsaidia mtoto anayeonewa.

Hujafanya kazi mbaya kwa sababu ameondoka akilia, wala kwa sababu ameondoka bila kugeuka. Watoto wako watalia pia, au watanyamaza na mmoja wao atakojoa kitandani. Waambie ukweli wote unaoruhusiwa kuusema. Piga simu baada ya wiki mbili, kwa ruhusa ya afisa, usipige kila siku. Mlezi mpya anatakiwa kushika usukani wake.

Jipe muda kabla ya kupokea mwingine. Simu ikilia mapema mno, mwambie afisa hapana na umtajie mwezi utakaokuwa tayari. Katika muda huo anika godoro, nunua daftari jingine, na kaeni tena kikao cha nyumbani. Safari hii waanze watoto kusema ni umri upi wa mgeni wanaouweza na upi hawauwezi, halafu jibu lao lipelekwe ofisini kama lilivyo.